Mjomba anasema mionzi itammaliza mama

BARUA

Shikamoo Mama,

Naandika kutoka wilaya ya Tandahimba. Jina naomba lisitoke, maana mjomba wangu ana wajukuu wanaosoma kila kitu kwenye simu halafu wanakwenda kumsimulia.

Nina miaka 41, ni mtoto wa kike pekee kwa mama yangu. Mama ana miaka 67. Mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kudondoka, kiuno kilimkamata akiwa ameinama chini ya mkorosho. Tulimwinua watu wawili. Tangu siku hiyo maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita tako la kushoto, yanateremka mpaka unyayoni. Mwenyewe anasema ni kama kuna mtu anavuta waya wa moto ndani ya mguu. Usiku analala amekumbatia mto, mchana anapika ameketi. Kuna na jambo jingine dogo ambalo sijamwambia mtu: akitembea, kandambili ya mguu wa kushoto inavuka inabaki njiani, naye anaendelea peku bila kujua. Mara mbili nimeiokota nyuma yake nikanyamaza.

Hospitali ya wilaya walimpiga eksirei, wakasema pingili za chini zimesagika, wakampa dawa za maumivu. Zilimsaidia wiki mbili. Tukaenda hospitali kubwa zaidi. Daktari alimlaza kitandani, akamwinua mguu, akamgonga goti kwa kinyundo, kisha akaandika kipimo kingine cha picha: MRI ya kiuno. Foleni ilikuwa ndefu, hakutueleza zaidi. Dirishani nikatajiwa bei. Ukijumlisha na nauli na pa kulala, inakaribia laki tano.

Hela ipo, mnada wa pili wa korosho umeshalipa. Lakini ndiyo hiyo hiyo ya ada ya mtoto, na ndiyo hiyo hiyo ya salfa ya kupulizia mikorosho msimu ujao.

Maneno yakaanzia hapo. Mjomba, kaka yake mama, amekataa katakata, na huku kwetu unajua mjomba ndiye mwenye neno. Mama mdogo, mdogo wao wa mwisho, aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Alipelekwa Dar kupigwa mionzi, akarudi amekwisha, ngozi imebadilika rangi. Miezi minne baadaye tukamzika. Mjomba ndiye aliyemuuguza. Anasema, "Dada yangu mmoja mionzi imeshamla. Huyu simtoi." Kaka yangu aliyeko Mbagala yeye ni kinyume chake: MRI ya huku ya nini, mama apelekwe Dar apigwe CT skani ya mwili mzima, tujue moja. Jirani yetu, mama anayeheshimika sana hapa, anasema tunachezea hela, altrasaundi ya elfu ishirini inaonyesha kila kitu, yeye ilimwonyesha mpaka mawe ya kwenye figo.

Mama aliona picha ya ule mtambo kwenye simu ya mwanangu. Akauliza kitu kimoja tu: "Ndiyo niingizwe kwenye jeneza nikiwa hai?" Kisha akarudi kubangua korosho zake. Na huyu si mtu mwoga. Mwaka 2009 aligongwa na pikipiki, akawekewa chuma cha paja, wala hatukumsikia akilia. Hirizi iliyo kiunoni kwake, ile ya kibati aliyofungwa na bibi yake, hajaivua tangu nimjue.

Nafikiria kumpeleka kimyakimya, nimwambie mjomba tunakwenda Mtwara mjini kumsalimia ndugu. Nitakuwa nimemkosea? Na hivyo vipimo, kipi ni kipi?

Mtoto wa kike pekee, Tandahimba

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye kandambili. Nitairudia.

Kwa jinsi ulivyoandika, una mgonjwa mmoja na washauri watatu wanaovutana. Mjomba anauogopa mtambo, kaka anauamini kupita kiasi, jirani anatazama bei. Wewe umeshika hela katikati yao, na unataka nikwambie kama ni kosa kumdanganya mzee. Nimewahesabu wanaosema ndani ya barua yako. Mama amesema sentensi moja, tena ya kuuliza, na sijaona mahali alipojibiwa.

Tumwanze mjomba. Simlaumu hata kidogo. Amemuuguza dada yake, ameiona ngozi ikibadilika rangi, na neno alilobaki nalo mkononi ni "mionzi". Bahati mbaya Kiswahili chetu kinalitumia neno hilo moja kwa mambo mawili. Kuna mionzi ya tiba, ile aliyopata mama yako mdogo. Hiyo inaelekezwa kwenye saratani kwa kusudi la kuua seli zake, kila siku ya kazi, kwa kawaida wiki kama tano hivi, na inaunguza kiasi hata sehemu za jirani. Kuna na mionzi ya picha, ya eksirei na CT skani, inayopita mwilini kwa muda mfupi ikatuachia kivuli, basi. Haibaki mwilini. Kiasi cha mionzi kinachopelekwa kwenye saratani ya shingo ya kizazi kinaizidi CT skani ya tumbo kwa maelfu ya mara. Kibatari na moto wa kuchomea shamba vyote ni moto, lakini hakuna anayevichanganya.

Halafu lipo la tatu, ambalo nadhani hakuna aliyemwambia: MRI haina mionzi ya namna hiyo hata chembe. Mzee anakipinga kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya daktari. Yenye mionzi ni ile eksirei ya wilayani, ambayo mama ameshapigwa, na kwa maelezo yako mjomba hakusema neno.

Nilifanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi huku huku kusini, na swali lako la "kipi ni kipi" niliulizwa karibu kila wiki. Watu wengi hudhani mitambo hii imepangwa kama ngazi: eksirei ni mtoto, altrasaundi ni kaka yake, CT skani ni baba, MRI ni babu. Ukiwa na hela unaruka moja kwa moja kwa babu. Sivyo. Kila mmoja unatazama kwa njia yake, na kila mmoja una upofu wake.

Eksirei ndiyo kongwe. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aliona miale asiyoijua ikipenya vitu ambavyo mwanga hauvipenyi. Akaupiga picha mkono wa mkewe, ikatoka mifupa ya vidole na pete. Mpaka leo kazi ni ile ile. Miale inapita kirahisi kwenye nyama na hewa, inazuiwa na mfupa wenye chokaa, kwa hiyo mfupa unatoka mweupe. Kwa mfupa uliovunjika au pafu lenye kifua kikuu, ni kipimo kizuri na cha bei nafuu. Mionzi yake si mingi. Eksirei ya kifua ni sawa na ile tunayoipata bure kwa siku chache kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ya kiuno ni zaidi, tuseme ya miezi kadhaa. Ila mishipa ya fahamu haionekani humo. Diski, zile kama mito midogo kati ya pingili na pingili, nazo hazionekani. Daktari akitazama eksirei akasema "pingili zimesagika", ameona mifupa imekaribiana kuliko kawaida. Kama kuna mshipa uliobanwa, anakisia.

CT skani ni eksirei inayozunguka. Bomba la miale linamzunguka mgonjwa, kompyuta inakusanya vivuli vyote na kuvipanga vipande vipande, kama mkate wa kukata, ukaweza kutazama slesi moja moja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa Uingereza mwaka 1971. Ni ya haraka sana, dakika chache, ndiyo maana mtu akigongwa na gari kichwani wanakimbilia hiyo. Gharama yake ni mionzi: CT ya tumbo moja inakaribia ile ya asili ya miaka mitatu hivi. Ikihitajika, hakuna sababu ya kuiogopa. Kuipiga mwili mzima "tujue moja" ni habari nyingine, nitalirudia nikifika kwa kaka.

Jirani yako naye hajakosea kuhusu mawe yake. Altrasaundi inatuma sauti ambayo sikio halisikii, inasubiri mwangwi urudi, kama popo usiku. Yale mafuta ya baridi wanayopaka tumboni ni ya kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, maana hewa inaikataa sauti. Figo, ini, nyongo, kizazi, mtoto tumboni, humo imebobea, wala haina mionzi. Lakini mfupa nao unairudisha sauti. Mishipa ya fahamu ya kiuno imekaa ndani ya nyumba ya mfupa, na altrasaundi inabaki inabisha hodi mlangoni. Ingekuwa daktari ana wasiwasi kwamba kiuno cha mama kinauma kwa sababu ya figo au kizazi, elfu ishirini ya jirani ingekuwa hela iliyokwenda mahali pake. Jambo hilo linafaa kuulizwa, maana kiuno cha mwanamke wa miaka 67 kinaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Ila waya wa moto unaoshuka mpaka unyayoni hausemi habari za figo.

MRI ni sumaku. Mitambo mingi ina nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), makumi ya maelfu ya mara kuliko ile sumaku ya dunia inayogeuza dira ya mvuvi pale Mikindani. Miili yetu imejaa maji, na kwenye maji kuna hidrojeni. Ndani ya sumaku hiyo, viini vya hidrojeni vinajipanga. Mtambo unavisukuma kwa mawimbi ya redio, ya jamii moja na yale yanayoleta taarifa ya habari. Vinayumba, kisha vikirudi mahali pake vinatoa mlio mdogo ambao kompyuta inaugeuza kuwa picha. Nyama, diski, uti wa mgongo na mshipa vina maji kwa viwango tofauti, kwa hiyo kila kimoja kinatoka na weusi au weupe wake. Ndiyo maana daktari aliandika hii na si nyingine.

Sasa kandambili. Mtu anayevukwa na kiatu bila kujua, ama mguu hausikii, ama vidole havina nguvu ya kukishika. Mimi siwezi kujua nikiwa hapa nilipo. Daktari aliona kitu alipoinua mguu na kugonga goti, lakini je, alielezwa habari za kandambili? Kama hukumwambia mtu, basi naye hajui. Maumivu ya namna hii yakiwa maumivu tu, wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache kwa dawa na mazoezi, bila picha yoyote. Mguu ukianza kupoteza nguvu, hesabu inabadilika. Ningependa uende naye kwa daktari tena ukamwambie maneno yale yale uliyoniandikia.

Na hapa sitasema kwa upole. Mama akishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukikataa kutoka, au akafa ganzi sehemu za siri na anapokalia, au mguu ukalegea ghafla, hakuna kikao cha ukoo wala kusubiri mnada wa tatu. Ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Kaka yako anakupenda wewe na mama, nalisikia hilo. Watu waliohamia Dar huwa na deni la moyo, na wanapenda kulilipa kwa kipimo kikubwa. Lakini mwulize kwa utaratibu: mwili mzima tunatafuta nini? CT haiioni mishipa ya kiuno vizuri kama MRI, na ukipekua mwili wa miaka 67 hukosi kuokota kitu: uvimbe mdogo wa maji kwenye figo, kidoa kwenye ini, vitu ambavyo pengine angeishi navyo bila habari. Kila kimoja kitadai kipimo kingine, na nauli nyingine, na saa nyingi za kukaa kwenye basi kwa mtu ambaye kukaa ndiko kunakomuua.

Hata MRI yenyewe inasema kuliko unavyoiuliza. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 diski zao zilikuwa zimeshaanza kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Na hawaumwi! Kwa hiyo majibu ya mama yakirudi yameandikwa kuchakaa na kuvimba kwa diski mahali patatu, usianguke pale korido. Kinachotafutwa ni kama mahali palipobanwa panalingana na mguu unaouma. Kulinganisha huko hufanywa na daktari aliyemshika mama mguu, mtambo hauwezi.

Kwa hiyo kabla hujatoa laki tano, liko swali moja ambalo ni haki yako kumuuliza daktari, foleni iwe ndefu namna gani: picha ikitoka, tutafanya nini tofauti na tunachofanya sasa? Akikujibu kwamba mguu unadhoofika na anataka kujua kama upasuaji unahitajika, umepata sababu. Akikujibu kwamba dawa na mazoezi ni yale yale, unaweza kumuuliza kama inafaa kusubiri wiki kadhaa mkimwangalia, hela ikapumua. Muulize pia kuhusu mazoezi ya viungo, maana hujaniandikia kama aliwahi kuelekezwa. Na upite ofisi ya ustawi wa jamii. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana utaratibu wao wa msamaha katika hospitali za serikali. Siahidi kwamba msamaha huo utafika mpaka kwenye MRI, lakini kuuliza hakulipiwi.

Kuhusu kumpeleka kimyakimya. Naelewa kwa nini wazo hilo limekujia, na kuna nyumba ambamo siri ya namna hiyo imeokoa mtu. Nitazame nawe tu yanayoweza kutokea. Majibu yakiwa mazuri, siri itakaa wiki moja, kisha wale wajukuu wa simu watafanya kazi yao. Majibu yakiwa mabaya, utayabeba peke yako njia nzima mpaka Tandahimba. Na ikihitajika kumpasua, utamwendea mjomba kumwomba baraka na uongo juu. Upande wa pili, ukingoja mpaka akubali, huenda usikubaliwe, na mguu haungoji mtu. Katikati ya hizo mbili naona njia moja ambayo hujaitaja: kumpeleka mjomba mwenyewe. Si kumbishia. Ukianza na "mama mdogo aliuawa na saratani, si mionzi", umeshamshinda na umeshampoteza. Angeweza kwenda kukaa kwenye benchi, akamuuliza mpiga picha kwa mdomo wake: humu mna mionzi? Mzee aliyejibiwa na mwenye mtambo hajashindwa na mpwa wake.

Tukija kwa mama na jeneza lake. Mtambo ni mviringo, uko wazi pande zote mbili, taa zinawaka. Kwa picha ya kiuno kichwa mara nyingi hubaki karibu na mdomo wa nje, na mnaweza kuuliza kama ataingizwa kwa miguu kwanza. Anapewa kimpira mkononi, akikiminya wanamtoa. Kelele ni nyingi, kama fundi anagonga bati juu ya kichwa chako, hukoma, huanza tena. Ndivyo unavyofanya kazi, haujaharibika, na watamziba masikio. Atalala bila kujitikisa dakika 20 mpaka 45 hivi. Kwa kiuno kile, kulala chali muda wote huo ndio mtihani hasa, kwa hiyo ulizeni mapema kama anaweza kumeza dawa ya maumivu kabla na kuwekewa mto chini ya magoti.

Yale mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, mimi nayaona makubwa. Chuma cha paja: vyuma vingi vya mifupa havizuii MRI, lakini wahudumu lazima wajue kabla hajaingia chumbani, si wakati yuko mlangoni. Kama karatasi ya 2009 ipo, ibebeni pamoja na ile eksirei ya wilayani. Kama haipo, semeni hivyo hivyo. Na hirizi: kibati kiunoni, mahali hasa panapopigwa picha, kinaweza kuvutwa, kinaweza kupata moto, na kitaharibu picha. Usiache aambiwe na kijana wa rika la mwanao, akiwa amevaa gauni la hospitali, watu wamesimama nyuma yake. Zungumza naye nyumbani. Mwulize nani aishike kwa nusu saa hiyo. Kwa kuwa ilitoka kwa bibi yake, ambaye ni bibi wa mjomba pia, pengine mwenye mkono wa kuipokea ni mjomba.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya mazungumzo ambayo hamjayafanya. Kaa naye jioni moja, mkibangua korosho, mwambie kuhusu kandambili. Nahofia ameshajua, na amenyamaza kama ulivyonyamaza wewe.